Kura Moja ya Chake Chake: Uchaguzi wa Zanzibar wa 1961

Januari 1961, jimbo la Chake Chake kule Pemba lilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja. Wengi wanaosimulia siasa za Visiwani hulitaja jambo hili kama kichekesho, sentensi moja tu, kisha hao, mbio mpaka Juni, kwenye mapanga na maiti. Mimi naona hapa ndipo pa kukaa kwanza. Ukiielewa kura ile na hesabu iliyofuata, utaelewa jinsi watu 68 walivyokuja kufa miezi minne na nusu baadaye, na jinsi Waingereza waliokuwa wanajitayarisha kukabidhi madaraka walivyojikuta wanatangaza hali ya hatari.

Tuanze na hesabu yenyewe. Viti vya kugombewa vilikuwa 22. Afro-Shirazi (ASP) ilipata 10, Hizbu (ZNP) 9, na ZPPP, chama kichanga cha Wapemba, 3. Hakuna aliyefikisha 12. Wale watatu wa ZPPP ndio waliokuwa na ufunguo wa serikali, na badala ya kwenda nao pamoja wakagawana: wawili, akiwamo kiongozi wao Mohammed Shamte, wakaenda upande wa Hizbu, na mmoja, Ali Sharif, akaenda Afro. Kumi na moja kwa kumi na moja.

Sasa chukua ile kura moja ya Chake Chake uipeleke upande wa pili. Afro inabaki na 9. Ali Sharif akienda kwao wanakuwa 10. Upande wa pili una 12. Serikali inaundwa wiki ile ile, Waziri Kiongozi anaapishwa, na uchaguzi wa Juni haupo. Sisemi Zanzibar ingekuwa shwari. Chuki zilikuwapo na zingetafuta njia nyingine ya kutokea. Lakini tarehe 1 Juni 1961, kama tunavyoijua, isingekuwapo kwenye kalenda yetu ya misiba.

Nani alikuwa nani

Anayekijua kisa hiki aruke sehemu hii. Hizbu ilizaliwa 1955 mashambani, Kiembe Samaki, kama chama cha raia wa Sultani, kisha ikachukuliwa na wasomi wa mjini, Ali Muhsin Barwani akiwa ndiye sauti yake kubwa. Ilijinadi kwa utaifa: Mzanzibari ni Mzanzibari, usiulize babu yake katoka wapi. Afro-Shirazi iliundwa Februari 1957 kwa kuunganisha jumuiya mbili, ya Waafrika na ya Washirazi, chini ya Abeid Amani Karume. Julai mwaka huo huo ukafanyika uchaguzi wa kwanza, wa viti sita tu, wanaume peke yao wakipiga kura tena kwa masharti. Hizbu haikupata hata kiti kimoja. Ali Muhsin mwenyewe alishindwa na Karume huko Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kwa mbali.

Kutoka hapo ndipo zilipoanza zile siku ambazo wazee wa Unguja mpaka leo wanaziita zama za siasa. Ukisikia mtu anasema "zama za siasa", hana maana ya siasa kwa jumla. Ana maana ya miaka ile, 1957 hadi 1963, watu waliposusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakafikia kususiana maziko. Kwa mtu asiye wa Visiwani hili la maziko huenda likaonekana dogo. Mji ambao jirani akifa unafunga kibanda chako uende kushika jeneza, kisha ukafika mahali mtu anauliza kwanza marehemu alikuwa na kadi ya chama gani, hapo ujue kuna kamba imekatika.

Ndani ya Afro yenyewe nako kulikuwa na ufa. Washirazi wa Pemba, na baadhi ya Washirazi wa Unguja, hawakupenda kuona chama kinaongozwa na watu wenye asili ya bara. Mwisho wa 1959 Mohammed Shamte, mwalimu wa Kipemba, pamoja na Ali Sharif na Ameri Tajo, wakajitoa na kuunda ZPPP. Angalia jina lenyewe: chama cha watu wa Zanzibar na Pemba. Lile "na Pemba" halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Lilikuwa linasema kwamba ukisema Zanzibar, mara nyingi una maana ya Unguja, na sisi tumechoka kusahauliwa.

Ukichukua vyama hivi vitatu ukavitandaza juu ya ramani, utaona kwamba kila kimoja kina nyumba yake. Afro ilikuwa na Ng'ambo na sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja. Hizbu ilikuwa na Mji Mkongwe, sehemu za kaskazini ya Unguja, na mizizi mizuri Pemba. ZPPP ilikuwa Pemba tu kwa maana ya kushinda. Huko Unguja ilisimamisha watu lakini haikuambulia kitu. Hiyo ramani ndiyo iliyoamua mambo kuliko hotuba zote za Raha Leo, mjini Unguja.

Waingereza na kanuni yao

Mwaka 1960 alikuja Sir Hilary Blood, gavana mstaafu aliyepewa kazi ya kupendekeza katiba mpya. Alipendekeza Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe wengi wa kuchaguliwa, na kiongozi wa upande utakaoshinda awe Waziri Kiongozi. Majimbo aliyopendekeza ni 21. Likaongezwa moja kwa kuugawa Mji Mkongwe mara mbili, yakawa 22, na hapo hapo Afro ikaanza kunung'unika, maana Mji Mkongwe ulikuwa mji wa Hizbu na sasa umepewa wajumbe wawili. Kura ikapanuliwa: wanawake wakaingia kwa mara ya kwanza, na masharti ya kujiandikisha yakalegezwa, ingawa kila mtu mzima kupiga kura kulikuwa bado.

Mtu akitazama kutoka mbali anaweza kuuliza: sasa kosa liko wapi? Ni utaratibu ule ule wa kwao Uingereza: mwenye kura nyingi jimboni anachukua jimbo, hata kama kamshinda mwenzake kwa moja. Utaratibu huo una dhana iliyofichika ndani yake, kwamba mtu aliyeshindwa leo anaweza kushinda kesho, kwa sababu kuna wapigakura wanaohama. Zanzibar ya 1961 wanaohama walikuwa wachache mno. Mtu hakuwa Hizbu kwa sababu ya sera ya elimu. Alikuwa Hizbu kwa sababu ya ukoo, mtaa, msikiti, mwenye shamba, na aliyemkopesha unga. Na visiwa vyenyewe ni vidogo: sensa ya 1958 ilihesabu watu wasiofika 300,000, Unguja 165,253 na Pemba 133,858. Waliopiga kura Januari 1961 walikuwa kiasi cha 90,000. Gawa kwa majimbo 22 unapata watu elfu nne kwa jimbo. Katika jimbo la watu elfu nne kila mtu anajua mwenzake kampigia nani, au anadhani anajua, ambayo kwa usalama wa mitaani ni yale yale.

Tarehe 17 Januari wakapiga kura. Afro ilipata kama asilimia 40 ya kura, Hizbu kama 36, ZPPP 17, na zilizobaki zikaenda kwa wagombea binafsi. Viti nimeshavitaja.

Hapa niseme jambo ambalo halisemwi. Kwa hesabu ya Januari, mfumo haukumdhulumu mtu. Afro ilikuwa na asilimia 40 ya kura na asilimia 45 ya viti. Hizbu na ZPPP wakijumlishwa walikuwa na asilimia 53 ya kura na 55 ya viti. Karibu mzani umekaa sawa. Kilichoharibu mzani ni kwamba ZPPP haikuwa kitu kimoja. Ali Sharif aliposimama na kusema yeye anaelekea Afro, alichukua kiti kimoja, na hatujui alichukua wapigakura wangapi kwa nyoyo zao. Waliomchagua walichagua chama cha Wapemba, na chama cha Wapemba hakikuwa kimewaambia kabla ya siku ya kura kitaungana na nani. Kama kuna mtu anatafuta kosa la wanasiasa, badala ya lile la Waingereza, mimi namwonyesha hapa. Kumwomba mtu kura bila kumwambia utakwenda kukaa meza gani ni kumfungia macho.

Miezi minne na nusu

Serikali ya kikoloni ilikuwa na njia kadhaa. Ingeweza kuwaambia: undeni serikali ya pamoja, mkae mpaka mtakapoelewana. Kwa kweli waliunda ya muda, ya mpito, iliyochanganya pande zote mbili, lakini kila mtu alijua ni ya kungojea. Ingeweza kutumia wajumbe wa kuteuliwa na maafisa waliokuwamo Barazani kuegemeza upande mmoja, na hapo ingekuwa aibu: serikali ya wananchi inayosimama kwa mkongojo wa mkoloni. Ingeweza kurudia jimbo moja tu. Wakaamua kurudia uchaguzi wote na kuongeza jimbo moja, la 23, ili idadi isigawike sawa. Jimbo hilo likawekwa Pemba, Mtambile.

Kuhusu Mtambile nimesikia watu wazima wakigombana. Upande mmoja unasema ilikuwa njama: Pemba ni ya Hizbu na ZPPP, kwa hiyo kuongeza jimbo Pemba ni kuwapa serikali mkononi. Basi tufanye hesabu ya darasa la tano. Unguja watu 165,253 kwa majimbo 13, ni kama watu 12,700 kwa jimbo. Pemba watu 133,858 kwa majimbo 9, ni karibu 14,900 kwa jimbo. Maana yake katika ule ugawaji wa kwanza Pemba ndiyo iliyopunjwa. Ukiongeza Mtambile inakuwa majimbo 10, kama watu 13,400 kwa jimbo, na bado Pemba iko nyuma kidogo. Kwa idadi ya watu, Mtambile ilikuwa haki.

Lakini idadi ya watu si idadi ya wapigakura, na Unguja walikuwapo watu wengi wa kutoka bara, wachukuzi, wachumaji karafuu, makuli wa bandarini, ambao hawakuwa raia wa Sultani na hawakuwa na haki ya kura. Kwa hiyo hata hii hesabu yangu ina tundu. Ninachosema ni kwamba neno "njama" linahitaji zaidi ya ramani. Na kosa kubwa la Mtambile mimi naliona kwingine. Jimbo la kuvunja sare, likiwekwa popote, huwa na harufu ya kuchagua mshindi. Lingewekwa Ng'ambo, Hizbu wangepiga kelele zile zile kwa maneno yale yale.

Miezi ile haikuwa ya kawaida kwa Afrika Mashariki nzima. Agosti 1960 TANU ilikuwa imeshinda viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika, na tarehe 1 Mei 1961 Tanganyika ikapata serikali ya madaraka, Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Ukisimama Forodhani usiku na redio, unasikia ng'ambo ya maji wenzako wanasherehekea, na wewe unangojea kurudia uchaguzi. Afro ilikuwa na udugu wa karibu na TANU, na wafuasi wake waliona wazi kwamba kama bara imekwisha, zamu yao imefika. Kwa Hizbu picha ile ile ilikuwa tishio: kisiwa kidogo kumezwa na nchi kubwa. Oktoba iliyotangulia Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911, alikuwa amefariki. Watu wengi hawakumjua Sultani mwingine maishani mwao. Mwanawe, Seyyid Abdullah, alikuwa mgonjwa, na hakuwa na ule uzito wa mzee wa kuweza kusema neno pande zote mbili zikanyamaza.

Nyuma ya pazia, kazi ya maana zaidi ya miezi ile ilifanywa kwenye daftari. Hizbu na ZPPP wakakubaliana kugawana majimbo: hapa weka mtu wako mimi sitaweka, kule naweka wangu wewe kaa pembeni. Hizbu ilikuwa na mratibu hodari, Abdulrahman Babu, aliyerudi kutoka London 1957, na mpango wake wa matawi na vijana ulikuwa mbele ya wenzake. Afro ilikuwa na watu wengi na hasira nyingi, lakini makubaliano ya kugawana haikuwa nayo na mtu, kwa sababu Ali Sharif peke yake hakuwa chama.

Tarehe 1 Juni

Vurugu zilianza asubuhi, mjini, vituoni. Wafuasi wa Afro waliamini kwamba Hizbu inaleta watu wa kupiga kura mara ya pili au wasiostahili, wakataka kuwazuia. Hizbu wakasema watu wao wanafukuzwa kwenye foleni. Fikiri foleni ndefu, jua linapanda, wanaume mstari wao na wanawake wao, wakala wa kila chama anakaza macho kwenye kila uso unaopita, na kila mtu ana hakika kwamba Januari kura moja ilitosha. Hilo ndilo lililobadilika kati ya Januari na Juni. Januari kura moja ilikuwa hesabu. Juni ilikuwa imani: mwizi wa kura moja ni mwizi wa nchi. Mtu mmoja akishikwa mkono kwenye foleni ile, foleni nzima inageuka.

Siku ile mji ulichafuka, na siku zilizofuata moto ukahamia mashamba. Huko ndiko walikouawa wengi wa wale 68, na wengi wao walikuwa Wamanga. Inafaa kuwatazama Wamanga hawa kwa karibu, kwa sababu jina "Mwarabu" linaficha mengi. Mmanga wa shamba hakuwa mwenye kasri. Alikuwa mtu aliyetoka Oman na tambara lake, akafungua kiduka cha bati kwenye kona ya kijiji, akauza chumvi, sukari, mafuta ya taa na kiberiti, akaishi peke yake au na wachache wenziwe, mbali na mji. Wenye mashamba makubwa walikuwa na nyumba za mawe mjini. Aliyekuwa karibu na panga ni mwenye duka.

Kwa nini mashamba ya Unguja? Kule kulikuwa na maskota. Skota alikuwa mtu anayelima mihogo, mtama na mboga kati ya mikarafuu ya mtu mwingine. Kodi hakulipa, alipalilia, na palizi lake ndilo lililoiweka mikarafuu safi. Ulikuwa mpango wa miaka mingi, haukuandikwa popote, na kwa sehemu kubwa ulikwenda. Zama za siasa zikauvunja. Mwenye shamba wa Hizbu akisikia skota wake kachukua kadi ya Afro, anamwambia ang'oe mihogo yake aondoke. Mtu aliyezaliwa hapo, makaburi ya wazazi wake yako hapo, anaambiwa ahame kwa sababu ya kura. Afro nao walijibu kwa kususia maduka ya Waarabu na kufungua ya kwao ya ushirika. Kwa hiyo duka la kona na shamba la mikarafuu vilikuwa uwanja wa siasa miaka mitatu kabla ya Juni.

Pemba ilikuwa nyingine. Mpemba wa kawaida alikuwa na mikarafuu yake mwenyewe, michache lakini yake, na Mwarabu wa Pemba alikuwa jirani, mkwe, mara nyingi mjomba. Wala Pemba haikuwaka Juni ile. Hapa ndipo kisa hiki kinaponishangaza kila nikikirudia: majimbo yaliyokuwa yakigombewa kweli, ambako kura chache zingeweza kuhamisha kiti, yalikuwa Pemba, na Pemba ilitulia. Damu ilimwagika Unguja, ambako hakuna kiti kilichohama chama. Vurugu hazikuanza kwa ajili ya matokeo. Zilianza matokeo yakiwa hayajajulikana.

Polisi wa Zanzibar hawakutosha, wakaletwa askari kutoka bara. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa, hali ya hatari ikatangazwa, na London ikatuma tume ya uchunguzi chini ya Sir Stafford Foster-Sutton.

Matokeo, na fumbo lake

Juni Afro ilipata karibu nusu ya kura zote, asilimia 49.9. Hizbu 35, ZPPP karibu 14. Wagombea binafsi walikaribia kwisha. Viti: Afro 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP ilikwenda pamoja kama ilivyofungamana, ikawa 13 kwa 10, na Mohammed Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi.

Tazama tena namba za Afro. Kutoka Januari hadi Juni kura zake zimepanda kutoka asilimia 40 hadi karibu 50. Viti vyake vimepanda kutoka 10 hadi 10.

Kila kura iliyoongezeka ilianguka ama kwenye jimbo ambalo Afro ilikwisha kulishika, ama kwenye jimbo ambalo bado haikuweza kulishinda. Mtu wa nane aliyekuja kubeba mtungi unaobebwa na watu wanne. Na wale wenzao wawili walipoteza kura, kwa pamoja kutoka 53 hadi karibu 49, na wakapata serikali, kwa sababu walikuwa wamekubaliana nani asimame wapi. Daftari lilishinda umati.

Watu wa Afro wanaposema 1961 waliporwa, mimi huwaomba watenganishe. Kwa wingi wa kura, Juni 1961 pande mbili zilikuwa karibu sawa: Afro iliwazidi wenzao wakijumlishwa kwa kama asilimia moja. Kwa tofauti ndogo hivyo, mfumo wa majimbo popote duniani unaweza kutoa serikali kwa upande wa pili. Kwa upande mwingine, watu wa Hizbu wanaposema walishinda kihalali na basi, nawaomba nao watazame pengo: asilimia 49 ya kura, asilimia 57 ya viti. Uhalali wa sheria walikuwa nao. Wa nusu ya nchi hawakuwa nao, na serikali inayokwenda kuomba uhuru kwa jina la wote inauhitaji huo wa pili.

Walijaribu kuuomba. Mwanzoni mwa 1962 pande zote zilikutana London, Lancaster House. Serikali ya Shamte ilitaka tarehe ya madaraka na uhuru. Afro ilitaka uchaguzi kwanza. Waingereza, wakiikumbuka Juni, wakakataa kutoa tarehe, na watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka mzima ukapita hivyo, na hali ya hatari ikiwa bado mabegani mwa watu.

Mwishowe madaraka ya ndani yalikuja tarehe 24 Juni 1963. Wiki moja baadaye Seyyid Abdullah akafariki, akatawazwa Jamshid, na wiki nyingine moja ikaanza kura, tarehe 8 hadi 11 Julai, safari hii kila mtu mzima akipiga. Zilipigwa kwa siku nne badala ya moja, na zilipita kwa amani. Majimbo yalikuwa 31, 17 Unguja na 14 Pemba. Afro ikapata asilimia 54 ya kura. Hizbu kama 30, ZPPP kama 16. Viti vikawa 13 kwa 12 na 6, maana yake 13 kwa 18. Pemba Afro ilipata zaidi ya asilimia 40 ya kura na viti viwili kati ya 14.

Weka chaguzi tatu pamoja. Kura za Afro: 40, 50, 54. Sehemu yake ya viti: 45, 43, 42. Kadiri watu walivyozidi kuichagua, ndivyo Baraza lilivyozidi kuipa mgongo. Juni 1961 ningeweza kumwambia mtu wa Afro avumilie, aende Pemba, azungumze na wale wa Ali Sharif, afanye kazi ya daftari. Julai 1963 sijui ningemwambia nini. Tarehe 10 Desemba Zanzibar ikapata uhuru, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Uhuru ule ulikaa siku 33, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964.

Shamte aliwekwa kizuizini baada ya Mapinduzi, Ali Muhsin naye, miaka mingi. Wale waliomchagua mtu wao Chake Chake kwa kura moja walirudi kwenye karafuu zao. Ilikuwa kura ya mtu gani, mwanamume au mwanamke, mzee aliyebebwa machela au kijana aliyefika kituo kinafungwa, haijulikani, kwa sababu ilikuwa ya siri. Hiyo siri, angalau, ililindwa.